Somo la 31: Bangili ya Kekele na Rafia

1. Lubunga

Mji wa Kisangani una komini sita. Tano ziko upande wa kuume wa Mto Kongo. Moja tu iko upande wa kushoto, nayo ni Lubunga. Mtu wa Lubunga akitaka kwenda soko kubwa la mji, hana daraja la kupitia. Hupanda mtumbwi au boti, akavuka maji.

Hapo Lubunga ndipo inapoanza reli ya kwenda Ubundu, mwendo wa kilomita 125. Reli hiyo ilimalizika mwaka 1906. Kwa nini ilijengwa? Kwa sababu kati ya Kisangani na Ubundu kuna maporomoko saba ya Boyoma, na meli haziwezi kuyapanda. Basi mizigo ilishushwa melini, ikapakiwa garini, kisha ikapakiwa tena melini huko Ubundu.

Ukiziacha nyumba za watu nyuma yako, ukatembea mwendo mrefu, utafika msituni. Humo hukua mimea miwili ambayo mafundi wa nchi yetu huipenda sana. Mmoja ni kekele, mwingine ni rafia. Leo tutajifunza kutengeneza bangili kwa mimea hiyo miwili. Lakini kwanza sikilizeni habari ya mama mmoja na binti yake.

2. Mama na koko

Mwezi wa Februari mwaka 2023 ugomvi wa ardhi ulizuka Lubunga kati ya Wambole na Walengola. Ugomvi ukawa mapigano. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na maelfu ya watu walikimbia. Wengi walivuka mto, wakatafuta kulala kwa jamaa zao.

Mama mmoja alivuka pamoja na binti yake wa miaka 11. Aliporudi hakukuta nyumba. Alikuta majivu, na katikati ya majivu cherehani yake, chuma kitupu kilichopinda. Binti alilia, akasema, «Mama, sasa tutakula nini? Kila kitu kimeungua.»

Mama akamjibu, «Mwanangu, cherehani imeungua. Alichonifundisha baba yangu hakikuungua, maana nilikikimbia nacho.»

Baba yake alikuwa fundi wa viti vya kekele. Tangu utoto mama huyu alijua kupasua kekele na kuikunja. Akaenda kwa ndugu wa baba yake, akapewa vipande vichache.

Jirani yao alikuwa mama mzee, ambaye watoto wote walimwita koko. Koko alikuwa mtu wa kabila lile jingine. Zamani walikuwa wakiazimana chumvi na moto. Tangu kurudi, kila mmoja alikaa kwake. Wakikutana kisimani, kila mmoja alitazama ndoo yake.

Siku moja koko alimwona mama akikunja kekele kuwa duara. Alisimama kitambo mlangoni. Kisha akarudi kwake, akaleta mafungu mawili ya rafia: moja jeupe, moja jekundu. Akasema, «Kekele tupu ni duara tu, binti yangu. Haivaliki. Mimi najua kuivika, lakini macho yangu hayaoni tena vizuri. Mwite mtoto, nimwonyeshe.»

Mama akamletea kiti. Ndivyo kazi yao ilivyoanza.

3. Kekele ni nini?

Kekele ni mmea wa jamaa ya mitende, lakini hausimami peke yake. Shina lake ni jembamba na refu sana. Hupanda miti mikubwa kwa kulabu kali zilizo kwenye majani yake. Likikatwa na kukaushwa huwa gumu, wala halivunjiki upesi. Likiloweshwa majini hukubali kukunjwa.

Kwa kekele watu hutengeneza viti, vitanda, meza na vitunga. Wavuvi wa Kiwagenia, karibu na Kisangani, huweka mitego mikubwa ya samaki mahali maji yanapokwenda kwa nguvu. Husimamisha miti katikati ya maporomoko, wakaifunga kwa kamba za mimea ya msituni. Maji hupiga mchana na usiku, na kamba zinashika.

Kekele huota kwa vichaka: mashina mengi katika shina moja la chini. Fundi mwenye akili hukata mashina yaliyokomaa, akayaacha machanga. Asiye na akili hukata yote. Mwaka ujao wa kwanza atakuta kekele pale pale, wa pili atatembea mbali zaidi.

4. Rafia ni nini?

Mrafia ni mtende wa mahali penye maji na matope. Majani yake ni makubwa mno, nayo huezekea nyumba. Rafia yenyewe hutoka katika jani changa ambalo halijafunguka bado.

Hufanywa hivi. Jani changa hukatwa na vijani vyake kutenganishwa. Kwa kisu kikali, fundi hukata kidogo upande wa chini wa kijani, pasipo kukata mpaka juu. Kisha huvuta polepole. Ngozi nyembamba ya juu hubanduka, ndefu kama utepe. Tepe hizo huanikwa juani siku moja au mbili, zikawa nyeupe zenye kuelekea manjano kidogo.

Katika mrafia mmoja, kata jani changa moja tu. Ukikata kila jani linalochipuka, mti utadhoofika.

Tepe huweza kutiwa rangi. Ukizichemsha pamoja na manjano iliyotwangwa, huwa za manjano. Ukizichemsha pamoja na unga wa ngola, huwa nyekundu. Ngola ni unga wa mti mwekundu wa msituni ambao wazee wetu walijipaka mwilini siku za ngoma. Mtoto asichemshe rangi peke yake; mtu mzima awepo.

5. Vitu vinavyotakiwa

Kwa bangili moja tafuteni:

kipande cha kekele kilichopasuliwa, upana wa kidole kidogo, urefu wa sentimeta 24;
tepe ndefu za rafia nyeupe, upana wa nusu sentimeta;
utepe mmoja wa rafia nyekundu, urefu wa sentimeta 30;
uzi, sindano kubwa, kisu kidogo, na ndoo ya maji.

6. Jinsi ya kutengeneza

Kwanza, pima. Wengi hupima kifundo cha mkono, wakakosea. Bangili hii haifunguki. Yapasa ipite juu ya kiganja kabla ya kufika kifundoni. Basi kunja kidole gumba ndani ya kiganja, zungushia uzi mahali palipo panene, kisha pima uzi huo. Kwa mama wa kadiri utapata karibu sentimeta 21.

Pili, lowesha kekele majini muda wa saa moja. Chonga ncha zake mbili, sentimeta 3 kila moja, ziwe nyembamba. Kwa nini? Kwa sababu ncha hizo zitapandana, moja juu ya nyingine. Zisipochongwa, bangili itakuwa na nundu.

Tatu, ikunje polepole kwa kuizungushia chupa. Usiikunje kwa nguvu mara moja, itapasuka. Pandanisha zile ncha, zifunge kwa uzi, uiache kivulini usiku kucha. Urefu ulikuwa sentimeta 24. Sentimeta 3 zimepandana. Limebaki duara la sentimeta 21.

Nne, asubuhi lowesha rafia kidogo, iwe laini. Weka mkia wa utepe mweupe, sentimeta 4, juu ya kekele kwa urefu. Anza kuzungusha utepe juu ya mkia huo huo, ili uubane. Kila mzunguko uguse mwenzake. Pasiwe na nafasi, wala mmoja usipande juu ya mwingine.

Tano, utepe ukikaribia kwisha, laza mwanzo wa utepe mpya chini ya mizunguko mitatu ya mwisho, kisha endelea. Usifunge fundo. Fundo huonekana, nalo hukwaruza mkono.

Sita, ukimaliza duara, tia ncha ya mwisho katika sindano. Pitisha sindano chini ya mizunguko sita, vuta kwa nguvu, kisha kata kilichobaki. Hiyo ndiyo ncha iliyofichwa. Mtu akiivaa bangili haioni, lakini ndiyo inayoshika kazi yote.

7. Hesabu ya mapambo

Sasa tuweke mapambo mekundu. Tangu mwanzo wa kuzungusha, laza utepe mwekundu juu ya kekele, upande wa nje. Zungusha utepe mweupe mara 3 juu yake: mwekundu umefichwa. Kisha inua mwekundu kwa kidole, zungusha mweupe mara 3 chini yake, uurudishe chini: mwekundu unaonekana. Tena 3 juu, tena 3 chini. Hivyo hutokea miraba myekundu na meupe inayopokezana.

Koko hakujua kusoma, lakini hesabu hii aliijua kichwani. Alimwuliza yule binti, «Duara ni sentimeta 21, utepe ni nusu sentimeta. Itakuwa mizunguko mingapi?»

Binti akafikiri, akasema, «Mizunguko 42, koko.»

«Mraba mweupe na mraba mwekundu pamoja ni mizunguko mingapi?»

«Mitatu na mitatu, sita.»

«Basi 42 kwa 6?»

«Saba, wala hakuna kinachobaki.»

«Hapo ni vema,» akasema koko. «Ukizungusha mara 40 tu, mapambo yatakutana vibaya mwishoni, kama ndugu wawili wasiosalimiana. Hesabu kwanza, ndipo uanze.»

8. Ncha iliyofichwa

Habari za bangili hizo zilivuka mto. Mama mmoja wa ng'ambo alitaka bangili 12 za arusi, zilizo sawa zote. Alisema angerudi kuzichukua siku ya Jumamosi. Fedha hizo zingetosha kulipa deni la masomo la yule binti, maana alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani mara mbili.

Mama alikunja duara. Binti alizungusha rafia. Koko alikaa karibu, akipapasa kila bangili kwa vidole.

Ijumaa jioni zilibaki bangili tatu. Binti alichoka. Watoto wenziwe walikuwa wakicheza nje. Alizungusha haraka, akaacha nafasi ndogo hapa na pale. Mwishoni hakuchukua sindano. Aliipaka ncha utomvu kidogo, akaibandika. Bangili zikang'aa kama zile nyingine. Akazitia katika kitunga pamoja nazo.

Usiku koko alizipapasa moja moja. Alifika ya kumi, akanyamaza. Akaivuta ncha kwa kucha. Rafia yote ikafumuka, ikaanguka mapajani mwake. Akafanya hivyo kwa ya kumi na moja, na kwa ya kumi na mbili.

Binti alitaka kulia. Akasema, «Koko, nani ataitazama kwa ndani?»

Mama akajibu, «Yule atakayeivaa, mwanangu. Siku ya arusi itapendeza. Siku ya pili atanawa mikono, na itafumuka. Hatasema, mtoto alichoka. Atasema, ndivyo watu wa Lubunga walivyo.»

Koko akaokota rafia iliyoanguka, akainyosha kwa kiganja. Akasema polepole, «Usilie. Kufumua bangili na kuifuma tena ni kazi ya usiku mmoja. Yako mengine sisi wakubwa tuliyoyafunga kwa haraka na kwa hasira, nayo hayajafumuliwa hata leo. Washa taa. Mimi nitahesabu, wewe utazungusha.»

Mama alimtazama koko, wala hakusema neno. Akasogeza taa karibu.

Walimaliza jogoo alipowika. Jumamosi mama wa ng'ambo alikuja, akazivuta bangili zote 12 kwa nguvu, akalipa. Jumatatu binti alirudi masomoni. Fedha iliyobaki mama aliigawa mafungu mawili. Moja aliliweka katika kopo lake. La pili alilipeleka mwenyewe kwa koko, mchana, watu wote wakiona.

9. Mafundi wengine wa nchi yetu

Msidhani kwamba kazi hizi ni mchezo wa watoto. Huko Kasai, Wakuba hufuma nguo kwa rafia. Wanaume hufuma kitambaa. Wanawake hukitarizi na kukata nyuzi fupi fupi, hata kitambaa kinakuwa laini kama mahameli. Nguo hizo zimewekwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, na watu hutoka mbali kuzitazama.

Katika msitu wa Ituri, Wambuti hutengeneza nguo kwa magome ya miti. Wanaume huligonga gome mpaka lilainike na kupanuka. Wanawake huchora juu yake mistari na alama. Hakuna nguo mbili zinazofanana.

Wote hao hutumia vitu vilivyo karibu nao. Hakuna aliyengoja dukani.

10. Shanga, na onyo moja

Kuna na mapambo mepesi kuliko bangili. Liko jani moja refu linalofanana na mahindi, ambalo huzaa mbegu ngumu, laini, zenye rangi ya majivu. Wafaransa huziita machozi ya Yobu. Kila mbegu ina tundu la asili: ukivuta kijiti kilicho katikati, uzi unapita. Kwa sababu hiyo watu wa nchi nyingi hutunga kwa mbegu hizo shanga za shingoni, na hata rozari.

Lakini jihadharini na mbegu nyekundu yenye doa jeusi. Ni nzuri kwa macho, tena ina sumu kali. Mtu akiitafuna aweza kufa. Unapoitoboa, vumbi lake lina hatari. Msiichume, msiitoboe, wala msimpe mtoto mdogo aichezee. Si kila kinachong'aa ni pambo.

Tukumbuke

Kazi ya mikono hutaka vitu vitatu: hesabu kabla ya kuanza, uvumilivu katikati, na uaminifu mwishoni. Nyumba yaweza kuungua na mali yaweza kuibwa. Ujuzi ulio mkononi mwako utavuka mto pamoja nawe. Kekele bila rafia ni duara tu; rafia bila kekele ni majani tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Maneno ya kueleza

Kekele: mmea wa msituni wenye shina refu, wa kutengenezea viti na vitunga.
Kitunga: kikapu.
Utepe (tepe): kitu chembamba na kirefu, kama ukanda.
Kupandana: kuwa kimoja juu ya kingine.
Kufumuka: kufunguka kwa kitu kilichofumwa.
Utomvu: maji mazito yanayonata, yatokayo mtini.
Kutarizi: kushona mapambo juu ya kitambaa.
Mahameli: kitambaa laini chenye manyoya mafupi.

Maswali

1. Lubunga iko upande gani wa Mto Kongo?
2. Kwa nini reli ya Ubundu ilijengwa?
3. Kwa nini hatupimi kifundo cha mkono tunapotengeneza bangili hii?
4. Kwa nini ncha za kekele huchongwa kabla ya kupandanishwa?
5. Mkataji mwenye akili huacha nini katika kichaka cha kekele?
6. Mama alisema kwamba kitu gani hakikuungua? Eleza maana yake.
7. Koko aliposema «yako mengine tuliyoyafunga kwa haraka na kwa hasira», alifikiri mambo gani?
8. Kwa nini mama alipeleka fungu la fedha mchana, watu wakiona?

Hesabu

1. Bangili moja ina mizunguko 42. Bangili 12 zina mizunguko mingapi?
2. Duara la mtoto ni sentimeta 18, na utepe ni nusu sentimeta. Mizunguko ni mingapi? Itatoka miraba myekundu mingapi? Je, kuna kinachobaki?
3. Kwa duara hilo la mtoto, ukitaka ncha zipandane sentimeta 3, ukate kekele ya urefu gani?

Kazi ya nyumbani

Mwombe mtu mzima wa kwenu akuonyeshe kazi moja ya mikono aliyofundishwa na wazee wake: kusuka, kufuma, kuchonga au kutunga shanga. Ifanye pamoja naye. Uilete darasani siku ya Jumatatu, mwenzako aivute ncha yake. Ikifumuka, usione haya. Rudi, uhesabu, uanze tena.